Fomu Haijui Ulichowahi Kufanya

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Msichana amesimamishwa mbele ya ukuta mweupe katika ofisi ya wakala, Nairobi au Kampala, mikono imenyooka ubavuni, mtandio kichwani. Anataja jina lake kwa Kiarabu alichokariri juzi, kisha umri, kisha idadi ya watoto. Anajua kufua. Anajua kupiga pasi. Anajua kupika. Anapenda watoto. Anaambiwa ageuke kidogo aonekane umbo, na video inakatika. Baada ya siku chache imo ndani ya simu ya mama mmoja wa mtaa wa Al-Safa, Jeddah, anayetafuta mtu wa kumsaidia nyumbani, pamoja na nyingine zinazofanana nayo kama mayai ya trei moja. Atamchagua nani? Mara nyingi mwenye uso wa upole, au yule ambaye wakala amemsifia zaidi. Hakupewa kingine cha kumsaidia kuchagua.

Al-Safa ni jina la mtaa Jeddah na pia la mtaa Riyadh. Ule wa Jeddah umepakana na Al-Marwah, na majina hayo mawili yanakumbusha vilima vya Makka ambavyo mahujaji hutembea kati yake. Ni mtaa wa watu wa kawaida: maghorofa, maduka, watoto wanaokwenda shule, wazee wanaohitaji kushikwa mkono kwenda msikitini. Mgeni hapelekwi kutalii huko. Lakini kwa Mkenya, Mganda au Mtanzania aliyekwenda kufanya kazi za ndani, kuendesha gari la familia au kuuguza wagonjwa, Saudi Arabia ni mitaa ya namna hiyo, wala si minara inayoonyeshwa kwenye televisheni. Na mlango wa kwanza wa mtaa huo ni maelezo yake kuhusu nafsi yake.

Maelezo hayo, kwa sasa, huandikwa na watu wengine. Uajiri wa wafanyakazi wa ndani Saudia hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Musaned. Umeleta mema, nisiubeze: mkataba unaonekana kwa pande zote, na kuanzia Julai 2024 mishahara ya mikataba mipya ilianza kupitishwa kwa njia za kielektroniki zinazoacha kumbukumbu. Hata hivyo, fomu hupenda kinachohesabika. Utaifa, dini, umri, urefu, uzito, ameshawahi kufanya kazi Ghuba au la. Mama ntilie wa Tanga aliyeamka saa kumi za usiku kwa miaka tisa, akanunua mwenyewe, akapika mwenyewe, akakopesha madereva na akajua nani analipa na nani hukimbia, mbele ya fomu hiyo ni mtu asiye na uzoefu.

Sisi nasi tunachangia kosa hilo. Tumelelewa na methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto anayejisifu mbele ya wageni hukatwa jicho na mama yake. Ndiyo maana binti akiulizwa na mwajiri kwa simu ya video, "Tuambie habari zako," hutazama chini na kusema yeye ni mtu wa kawaida tu. Kwao Pemba au Kilifi jibu hilo lingemletea heshima. Jeddah linamwondoa kwenye orodha.

Lakini wazee wetu hawakukataza kujieleza kila mahali. Wahaya wa Kagera wana vivugo, ambapo mtu husimama mbele ya mtawala au mbele ya hadhira na kutaja matendo yake kwa sauti kubwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi husoma majigambo ya namna hiyo kama kipera kamili, na huambiwa kwamba anayejigamba ndiye mtunzi na ndiye mhusika. Kujisifu kulikuwa na uwanja wake. Nje ya uwanja huo ni utovu wa adabu. Ndani yake, anayekaa kimya ndiye anayejiaibisha. Usaili wa kazi ni uwanja wa namna hiyo, na nadhani vijana wengi wangepumua wakiambiwa hivyo mapema.

Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Aliyejigamba kijijini alisikilizwa na watu waliomjua. Akiongeza chumvi, pembeni yupo mzee aliyekuwapo siku hiyo. Mwombaji kazi wa leo anajieleza kwa mtu asiyemjua yeye, wala kijiji chake, wala lugha yake vizuri. Kwa hiyo sifa tupu haziwezi kumbeba. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu" ni maneno ambayo hata mvivu huyasema, tena kwa ufasaha. Anachohitaji ni kisa chenye shahidi ndani yake.

Mfano mzuri wa kisa cha namna hiyo unatoka katika ardhi hiyohiyo ya Uarabuni, na waajiri wa Jeddah wanaujua tangu madrasa. Umo katika Sura ya 28 ya Qur'ani, ambayo jina lake, Al-Qasas, linahusu visa. Nabii Musa (A.S.) anafika Madyan, eneo ambalo mapokeo huliweka kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia ya leo, upande wa Tabuk. Amekimbia Misri, hana kazi wala mwenyeji. Kisimani anakuta wasichana wawili wamezuia mifugo yao pembeni kwa sababu wachungaji wanaume wameziba njia. Anawanyweshea, kisha anarudi kivulini. Haombi chochote kwao. Baadaye mmoja anarudi kwa haya kumwita kwa baba yake. Musa anamsimulia mzee yaliyomfika, na mzee anamtuliza. Ndipo binti mmoja anamshauri baba yake amwajiri, akitaja mambo mawili tu: nguvu na uaminifu. Mzee naye anataja masharti yake: amwoze mmoja wa mabinti zake, na Musa amtumikie miaka minane, ikifika kumi hiyo ni hiari yake.

Mtu anayesoma kisa hiki kwa jicho la mtafuta kazi ataona jambo ambalo vitabu vya ushauri wa ajira huliruka. Musa alisimulia mwenyewe, lakini hakujipa sifa mwenyewe. Sifa zilitoka kwa aliyemwona akifanya. Na katika aliyosimulia kulikuwa na jambo zito, la mtu aliyekufa kwa mkono wake huko Misri bila ya yeye kukusudia kuua. Hakulificha. Mzee alisikia yote na bado akaajiri.

Sasa turudi Al-Safa. Tuseme familia moja inatafuta mtu wa kumtunza bibi aliyepooza upande mmoja. Waombaji wawili wanaongea na familia hiyo kwa simu. Wa kwanza anasema anapenda wazee na ana moyo wa huruma. Wa pili anasema: "Mama mkwe wangu alipata kiharusi. Nilimuuguza miezi minane mpaka alipofariki. Nilikuwa namgeuza kila baada ya saa mbili, usiku naweka kengele ya simu. Hakutokwa na kidonda cha mgongo hata kimoja. Muuguzi wa zahanati aliyekuwa akija kumpima aliniomba nimwonyeshe jirani yetu namna ya kufanya." Wa pili hakutamka neno uvumilivu wala neno uaminifu. Yote mawili yamesikika, na juu yake ujuzi wa kazi umesikika, na shahidi yupo, tena ni mtu wa afya. Kisa chote hakizidi nusu dakika, kinatosha kwenye video ileile ya ukuta mweupe.

Wataalamu wa ajira wana muundo wao wa visa kama hivi. Kampuni ya DDI ya Marekani iliusambaza tangu miaka ya 1970, na leo unafundishwa karibu kila semina ya vijana: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Ni mfupa mzuri. Tatizo huja mtu anapoukariri, maana msaili aliyesikiliza watu ishirini asubuhi hiyo anautambua kabla haujafika katikati. Afadhali kisa kimoja ulichokiishi, ukisimulie kwa namna ambayo ungemsimulia shangazi yako, ila ukifupishe.

Kwa wenye taaluma mambo yanabadilika kidogo. Muuguzi anayetaka kazi katika hospitali ya Jeddah au Riyadh hupitia Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya: vyeti vyake huhakikiwa na kampuni ya DataFlow hadi chuo alichosoma, naye hufanya mtihani kwenye kompyuta. Akifika kwa msaili, suala la vyeti limekwisha, na wenzake kutoka Ufilipino na India wanavyo vilevile, mara nyingi na miaka mingi zaidi ya kazi Ghuba. Hapo ndipo Mwafrika Mashariki huzika dhahabu yake. Muuguzi wa hospitali ya wilaya amewahi kubaki peke yake zamu ya usiku, umeme umekatika, wajawazito wawili wenye uchungu wamefika kwa wakati mmoja, na ikabidi aamue nani aanze naye na nani amwite kwa simu. Kwenye usaili hataji hata sentensi moja ya usiku ule. Anaona haya, anahisi ataonekana ametoka mahali duni. Msaili, kwa upande wake, anatafuta mtu ambaye vifaa vikigoma hatagoma naye. Ausimulie usiku ule basi, bila jina la mgonjwa wala jambo la kumtambulisha, na aseme wazi pia ni nini hakuweza kukifanya.

Ndivyo ilivyo hata kwa watu wa hoteli. Kwenye pwani ya Bahari ya Shamu na jangwa lililo jirani nayo zimeanza kufunguliwa hoteli za kifahari. Six Senses Southern Dunes ilifunguliwa mwaka 2023. Riyadh itaandaa maonyesho ya Expo mwaka 2030, na Kombe la Dunia la 2034 limekwisha kupewa Saudia. Mhudumu wa Nungwi ambaye amewahi kuhudumia meza ya mgeni mwenye mzio wa samaki, akamwokolea jioni yake, asiandike tu "uzoefu wa hoteli, miaka minne".

Nikiruhusiwa kutoka nje ya mada kidogo: barua ya kuomba kazi iliyo mashuhuri kuliko zote huenda ni ya Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, ya mwanzoni mwa miaka ya 1480. Mtu ambaye dunia ingemjua kwa uchoraji alianza kwa madaraja mepesi ya kubebeka vitani, akaendelea na mizinga na magari ya kivita, na uchoraji akautaja karibu na mwisho. Alijua Sforza anaumwa wapi. Kisha, wasichokifanya waombaji wengi, akasema kama kati ya hayo kuna jambo ambalo mtu yeyote anaona haliwezekani, yuko tayari kulifanyia majaribio katika bustani ya mtawala. Binti wa Kampala anaweza kusema neno hilohilo kwa kiasi chake: wali wenu wa kabsa sijaupika bado, ila pilau la harusi nimepika la watu mia, nionyesheni mara moja, ya pili nipike mbele yenu.

Kuna hadithi nyingine, inayosimuliwa sana, ambayo ningependa ipungue. Ni hadithi ya shida. Baba amefariki, watoto wanne, karo, deni la nyumba. Ni ya kweli, wala sina haki ya kumwambia mtu asiione kuwa nzito. Lakini mwajiri anayeisikia kwenye mazungumzo ya kwanza husikia mawili: huyu ataomba mkopo mwezi wa pili, au huyu atakubali lolote. Mwajiri mwema huogopa la kwanza. Mwajiri mbaya hufurahia la pili, na huyo wa pili ndiye hatari, kwa sababu umemkabidhi ufunguo. Habari za watoto wako, za deni lako, za mahali mama yako anapoishi, si za kumwaga mbele ya mtu ambaye kesho atakuwa na sauti juu ya muda wako wa kulala. Simulia ulichofanya, ulichokosa kinaweza kungoja.

Na kuna hadithi ya uongo, ambayo mara nyingi si ya msichana mwenyewe. Wakala humpunguzia umri, humbadilishia dini kwa kumvisha hijabu ya kupigia picha, humwandikia miaka miwili Dubai ambako hajawahi kukanyaga. Anaambiwa ni utaratibu tu, kila mtu hufanya. Huku Al-Safa mama wa nyumba amelipia uzoefu wa miaka miwili. Siku ya tatu anaomba gahawa yenye iliki kwa wageni, na mfanyakazi wake anatafuta sufuria ya chai. Ugomvi wa nyumba nyingi huanzia hapo, kila mmoja akiamini ametapeliwa na mwenzake, wakati aliyewatapeli wote wawili amekaa ofisini na kamisheni yake. Kuna kipindi cha majaribio cha siku tisini ambamo mwajiri anaweza kumrudisha mfanyakazi kwa wakala. Hadithi iliyobuniwa hukatika ndani ya kipindi hicho, na anayelipia si aliyeibuni.

Swali gumu kuliko yote ni la aliyeondoka kwa mwajiri wa kwanza kabla ya mkataba kuisha. Saudia mwajiri anaweza kumripoti mfanyakazi kuwa ametoroka, jambo linaloitwa huruub, na alama hiyo humfuata mtu kwenye kumbukumbu zake za ukaazi. Mwingine alikimbia kipigo, mwingine alikimbia mshahara usiolipwa, mwingine, tuseme kweli, alidanganywa na rafiki kwamba nje kuna kazi ya malipo makubwa. Wote huulizwa swali moja: kwa nini uliondoka? Anayejibu kwa matusi juu ya "yule mama" hupoteza, hata kama yule mama anastahili. Anayebuni safari ya msiba hupoteza akigundulika. Jibu linalosimama ni fupi, lina tarehe na lina karatasi: nilifanya kazi miezi kumi na minne, mshahara ulikatika miezi minne ya mwisho, nililalamika ubalozini, huu hapa ujumbe wa benki unaoonyesha malipo ya mwisho. Hapo anyamaze, asijaze kimya kwa maneno. Mzee wa Madyan alisikia makubwa kuliko hayo.

Sitaki mtu amalize kusoma akidhani kwamba kisa kizuri kinamlinda mfanyakazi. Hakimlindi. Mwaka 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifia Saudi Arabia katika kipindi cha miaka mitano. Mageuzi ya kazi yaliyoanza Machi 2021, yaliyowapunguzia wafanyakazi wa kampuni minyororo ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani. Kanuni mpya zinazowahusu zilitangazwa mwaka 2023 na kuanza kutumika mwaka uliofuata: kazi isizidi saa kumi kwa siku, na mapumziko ya siku nzima kila wiki. Kuandikwa ni jambo moja, kutekelezwa ndani ya nyumba iliyofungwa lango ni jingine.

Kwa hiyo mwajiri naye adaiwe kisa chake. Maswali yasiwe ya upande mmoja. Nyumba ina vyumba vingapi, na watu wangapi? Bibi mgonjwa anainuliwa na nani usiku? Aliyekuwepo kabla yangu alikaa muda gani, na naweza kuongea naye? Siku yangu ya mapumziko ni ipi? Nitalala wapi, na simu yangu nitakaa nayo? Mabinti wengi huogopa kwamba kuuliza kutawakosesha kazi, na ni kweli, kutawakosesha baadhi ya kazi. Mwajiri anayekasirikia swali la chumba cha kulala amekwisha kujieleza vya kutosha. Hili la kuuliza linaweza kufanyiwa mazoezi katika mafunzo ya kabla ya safari, yale ambayo Kenya huwapa wanaokwenda kwenye kazi za nyumbani Ghuba. Muda wa kujifunza mashine ya kufulia ni wa lazima. Saa moja ya wanawake kusimuliana visa vyao wenyewe, wenzao wakiwauliza "ulijuaje kama umefanikiwa?", haihitaji mashine yoyote.

Waliokwisha kumaliza mkataba ndio wenye mtaji mkubwa na ndio wanaoutupa kwa urahisi. Dada amekaa miaka miwili Al-Safa, amelea mapacha tangu siku arobaini hadi wakatembea, mama wa nyumba amelia uwanja wa ndege wakiagana, na mkononi hana hata mstari mmoja wa maandishi. Akitaka kazi ya pili, Riyadh au Doha au katika nyumba ya wazee huko Ulaya, anarudi kwenye ukuta mweupe na kusema anapenda watoto. Barua ya mwajiri ya kumshuhudia iombwe mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya tikiti, wakati uhusiano ungali mzuri na hakuna anayegombana juu ya masanduku. Iwe ya Kiarabu, fupi, yenye tarehe za kuanza na kumaliza, kazi zilizofanywa, na ikiwezekana jambo moja ambalo mwajiri mwenyewe analikumbuka, kwa maneno yake. Iwe na namba ya simu, kama mwajiri ameridhia. Ipigwe picha siku hiyohiyo na kutumwa nyumbani kwa mama au kwa dada, kwa sababu simu hupotea, na nyingine huchukuliwa.